Namba 3 au 8? Kazi isiyoonekana ya kufanya herufi ndogo zisomeke kwenye kioo cha simu

Wahami wanaojua mstari wa mgawo wanajua pia jinsi tarakimu moja inavyoweza kumrudisha mtu nyuma. Ujumbe umefika kwenye simu, namba ya kuonyesha ina tarakimu sita au nane, herufi ni ndogo, na kioo kimepasuka pembeni. Hiyo ni 3 ama ni 8? Hii ni 6 ama sifuri? Na kile kijiti kilichosimama peke yake ni 1, ni I kubwa, ama ni l ndogo? Mama anamwita mtoto anayesoma shule, mtoto anasogeza simu mpaka karibu na pua, jirani anaitwa naye atoe maoni, na kila mmoja anasoma lake.

Watu husema ni macho. Wazee husingizia umri, vijana husingizia simu ya bei ndogo. Macho yana sehemu yake, simu ina sehemu yake. Lakini kuna sehemu ya tatu ambayo ni mara chache inatajwa huku Kivu: namna herufi yenyewe inavyopangwa juu ya kioo. Kuna watu waliokaa miaka wakishughulika na jambo hilo tu, na kuna programu ya bure inayoifanya kazi hiyo yenyewe, bila mtu kuinama juu ya kila herufi. Wanaotengeneza majina ya mgawo, matangazo ya shule na ujumbe wa hospitali wangefaidika kujua kidogo habari hiyo, kwa sababu wao ndio wanaochagua herufi ambazo wengine watalazimika kuzisoma.

Kioo cha simu au cha kompyuta ni kama mkeka. Msusi wa mkeka hawezi kuweka nusu ya ukindu. Ama unapita juu, ama unapita chini. Akitaka kuchora duara katikati ya mkeka, duara linatoka na ngazi pembeni. Kioo nacho kimegawanywa katika vijisanduku vidogo vinavyoitwa pikseli, safu juu ya safu, na kila kijisanduku kina rangi moja tu kwa wakati mmoja. Aliyechora herufi hakuchora vijisanduku. Alichora mistari laini iliyopinda, kama mtu anayechora kwa kalamu, kusudi herufi hiyo iweze kukuzwa mpaka kwenye bango la barabarani. Herufi ikiwa kubwa, pikseli ni nyingi na hakuna shida. Shida inaanza herufi ikishuka mpaka ukubwa wa pikseli 12, 10 au 8.

Chukua herufi e. Ina mistari mitatu iliyolala: wa juu, wa katikati na wa chini. Kati ya mistari hiyo kuna nafasi mbili nyeupe, jicho lake juu na mdomo wake chini. Kila mstari ukipewa safu moja ya pikseli, na kila nafasi nyeupe safu moja, jumla ni safu tano. Chini ya tano haiwezekani. Fonti yenye ukubwa wa pikseli 10 mara nyingi ina herufi ndogo zenye kimo cha karibu nusu ya hapo, yaani tano na kitu, au tano kasoro. Ikiangukia tano, e inasomeka. Ikiangukia nne, lazima nafasi moja izibwe, na e inageuka kidoa. Hesabu hiyo hiyo inazigusa herufi a na s. Tarakimu 3, 6, 8 na 9 zina kimo kikubwa zaidi, basi zinavumilia kidogo, lakini nazo zina mistari mitatu na nafasi mbili, na zamu yao inafika.

Na hata safu zikitosha, kuna hatari nyingine. Mstari wa katikati wa e unaweza kuangukia kati ya safu mbili, nusu huku nusu kule. Kompyuta isiyopewa maelekezo inapaka safu zote mbili rangi ya kijivu. Kinachotoka hapo ni kivuli cha mstari, na jicho la mtu aliyechoka halijui litegemee safu gani.

Ndiyo sababu fonti zilianza kubebeshwa maelekezo. Mfumo unaoitwa TrueType ulitengenezwa na kampuni ya Apple na kutoka mwaka 1991; mwaka uliofuata Microsoft waliuingiza katika Windows 3.1. Ndani ya faili ya fonti ya namna hiyo, kila herufi inaweza kubeba programu ndogo inayosema: ukubwa ukiwa huu, vuta mstari huu mpaka kwenye safu kamili; ule wa juu usipite hapa; nafasi ya katikati isifungwe. Mtu anayeandika maelekezo hayo anafanya kazi ya fundi saa. Verdana, fonti ambayo wakaaji wengi wa miji wameiona kwenye kompyuta bila kuuliza jina lake, ilitoka kwa Microsoft mwaka 1996 baada ya kazi ya namna hiyo. Matthew Carter alianza kuzichora herufi zake kwa pikseli kabla ya kuchora mistari laini, kinyume cha desturi ya wachoraji wengi, kisha Tom Rickner akaandika maelekezo kwa mkono. Katika Verdana, I kubwa ina vijiti viwili vya kulala, juu na chini, wakati l ndogo haina. Jambo dogo, lakini msomaji wa namba za siri analihitaji kuliko urembo wowote.

Kazi ya mkono ni ghali, na inachukua muda. Kampuni kubwa inaweza kuilipia fonti moja au mbili. Nani atailipia fonti ya lugha inayosemwa na watu wasionunua fonti? Hapo ndipo kazi ya otomatiki inapoingia.

Kuna programu huria inayoitwa FreeType, iliyoanza mwaka 1996. Iko ndani ya kompyuta za Linux na ndani ya simu za Android, ikichora herufi kimyakimya. Kwa miaka mingi waandishi wake walikuwa na kizuizi: sehemu za ufundi wa maelekezo ya TrueType zilikuwa chini ya hataza za Apple, na hataza hizo ziliisha mwaka 2010. Katika miaka hiyo ya kungoja, David Turner, mmoja wa waanzilishi, alitengeneza njia nyingine. Badala ya kusoma maelekezo yaliyomo ndani ya fonti, programu inaitazama herufi yenyewe na kujitungia maelekezo papo hapo. Walionyimwa mlango walitoboa dirisha, na dirisha likawa na faida ambayo mlango haukuwa nayo: linafanya kazi hata kwa fonti ambayo hakuna aliyeiandikia maelekezo yoyote.

Mwaka 2011 Werner Lemberg, mwenzake Turner katika FreeType na mtu aliyesomea muziki, alianza kuitoa akili hiyo nje ya FreeType na kuitengenezea chombo cha peke yake. Jina lake ni ttfautohint. Fedha zilitoka kwenye michango ya watu, pamoja na msaada wa Google, ambao wakati huo walikuwa wanakusanya fonti za bure za kutumika kwenye intaneti. Mchoraji anaipa faili ya fonti isiyo na maelekezo. Chombo kinairudisha ikiwa na maelekezo yaliyoandikwa ndani yake, na kompyuta ya Windows, ambayo haitumii FreeType, inayasoma kama vile yameandikwa na fundi. Hakuna malipo.

Inavyofanya kazi si uchawi. Kwanza inatafuta mistari ambayo herufi zote zinaishirikiana: mstari wa chini ambapo herufi zinakaa, kimo cha herufi ndogo kama x, kimo cha herufi kubwa, ncha ya juu ya herufi kama b na h, na mkia wa chini wa p na g. Mistari hiyo inavutwa mpaka kwenye safu kamili za pikseli, kusudi neno zima likae sawa kama matofali yaliyopangwa kwa kamba. Kisha inatafuta vipande vinavyolala ndani ya kila herufi, inavipa unene unaolingana, na kuhakikisha vinakaa juu ya safu badala ya kukaa kati ya safu. Upana haiugusi. Lemberg aliamua kushughulika na urefu wa kwenda juu tu, kwa sababu vioo vya sasa vina mbinu zao za kulainisha upande wa kushoto na kulia, na kuvuta herufi kwa upana kungeharibu nafasi kati yake.

Bila kuambiwa lingine, chombo hicho kinatayarisha maelekezo kwa ukubwa wa kuanzia pikseli 8 mpaka 50. Na kina desturi moja ambayo msomaji wa ile hesabu ya safu tano ataielewa mara moja: kati ya pikseli 6 na 14, kimo cha herufi ndogo kinapokuwa na sehemu, chombo hukipandisha juu mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Nne na kitu inafanywa tano. Neno linaonekana limenenepa kidogo, wachoraji wengine wanakunja uso, lakini e ina jicho lake.

Mama mmoja anayechapa maandishi katika kibanda cha fotokopi mtaani Majengo, Goma, anayajua haya yote bila kuyapa majina. Kompyuta yake ni ya zamani, na kazi zake ni zile zile za kila kibanda: barua za kuomba kazi, vibali vya kanisa, mialiko ya harusi, na majina ya watu. Majina ndiyo kazi nzito. Mteja anataka majina mia moja yaingie kwenye karatasi moja kwa sababu karatasi ya pili ni franga nyingine, basi anashusha ukubwa mpaka 8. Kwenye kioo cha kawaida cha kompyuta, ukubwa wa 8 ni takriban pikseli 11. Hapo ndipo Kambale na Kambole, Kavira na Kavire, Masika na Mosika, vinapoanza kufanana. Jina likikosewa wakati wa kuchapa, kosa linaenda mpaka kwenye karatasi ya afisa, na siku ya siku kadi ya uchaguzi ya mtu inasema kitu kimoja na orodha kitu kingine. Yeye amejifunza kuchapa orodha zote kwa fonti moja anayoiamini na kuacha fonti za harusi zibaki kwa harusi. Kazi ya kuhakiki anaifanya kwenye kioo, wino haujatumika bado, na fonti inayosomeka kwenye kioo inampunguzia kazi ya kurudia.

Hiyo ni busara ya kuigwa. Fonti za mapambo zinazopakuliwa bure huku na kule, nyingi hazina maelekezo yoyote ndani yake. Kwenye kichwa cha mwaliko, kwa herufi kubwa kama kidole, hakuna anayeona kasoro. Zikiletwa kwenye orodha ya ukubwa wa 8, ni mchanga machoni. Kipimo chake hakihitaji ufundi: andika 3 8 6 9 0 O 1 I l kwa ukubwa mdogo kabisa utakaotumia, mpe mtu mwingine kompyuta, na umwambie asome kwa sauti. Akisitasita, badilisha fonti.

Lakini chombo cha otomatiki kina mipaka yake. Hakijui kwamba 3 na 8 lazima zitofautiane. Kinaona mistari na nafasi, maana hakioni. Mchoraji akiwa ameifunga midomo ya 3 mpaka inakaribia kugusana, maelekezo yataipanga vizuri juu ya safu, na bado itafanana na 8. Kwenye simu mpya za bei kubwa, ambazo pikseli zake ni ndogo mno na zimesongamana, maelekezo hayaongezi kitu kikubwa, na simu za Apple haziyajali kabisa. Na ile simu ndogo ya vibonyezo ambayo betri yake inashinda siku kadhaa, kwa kawaida herufi zake zilishapangwa kijisanduku kwa kijisanduku na mtu, kiwandani. Hapo hakuna cha kuelekeza. Faida kubwa iko katikati: kompyuta za vibanda, kompyuta za maofisi zilizokaa miaka kumi, na vioo vya bei ndogo ambavyo pikseli zake bado zinahesabika.

Kuna mpaka mwingine, na kwa wahami huenda huu ndio mkubwa kuliko yote. Orodha inachapwa, inatolewa kwenye karatasi, inabandikwa ukutani. Kijana anaipiga foto kwa simu. Foto inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wahami wa kijiji fulani, na WhatsApp inaipunguza uzito. Mtu wa kundi lile anaifungua, anapiga foto ya kioo chake, anaituma kwenye kundi jingine. Ikifika kwa shangazi aliyeko Bukavu au Uvira, zile si herufi tena. Ni picha ya vivuli vya herufi, pikseli zilizoganda, na ukizikuza unakuza ukungu. Hakuna chombo cha maelekezo kinachoweza kuingia humo, kwa sababu simu haijui kwamba pale paliandikwa jina. Inaona madoa meusi na meupe tu.

Orodha ile ile ingetumwa kama maandishi, simu ya kila mmoja ingeichora upya kwa fonti yake, kwa ukubwa ambao macho yake yanataka. Ingetumwa kama faili ya PDF kutoka kwenye kompyuta iliyoichapa, herufi zingebaki mistari laini, na kuikuza kungeileta karibu bila ukungu. Na maandishi ni mepesi: majina mia moja yaliyoandikwa hayafiki hata sehemu ndogo ya uzito wa foto moja, jambo ambalo anayenunua mega za siku moja analielewa bila kuelezwa. Kiongozi wa kundi anayeogopa kwamba maandishi yatabadilishwa na watu wasio waaminifu ana sababu, na PDF inapunguza hofu hiyo kidogo. Foto ya karatasi ingebaki kama ushahidi wa ukutani. Kwa kusomea, ni chombo kibaya.

Wanaotuma namba za siri nao wana lao. Namba kama 47298316 ikiandikwa 4729 8316, jicho linapumzika katikati na kosa linaonekana. Hiyo haihitaji fonti wala programu, ni kubonyeza nafasi mara moja.

Halafu kuna Kilingala. Wanaokisoma katika tahajia ya mwaka 1976 wanajua vokali mbili, ɛ na ɔ, ambazo Kiswahili hakina, na alama za toni zinazokaa juu ya vokali. Si mapambo. Moto bila alama ni mtu. Motó, sauti ikipanda mwishoni, ni kichwa. Mɔ́tɔ ni moto wa kuwaka. Wenye kusema Kiswahili wanacheka hapo, kwa kuwa kwao moto ni mmoja, na huku chini ya Nyiragongo hauhitaji alama. Herufi ɛ nayo ina mistari mitatu na nafasi mbili, basi sheria ya safu tano inaibana kama inavyoibana e. Alama ya juu inataka safu yake, na safu nyeupe ya kuitenganisha na herufi. Jumla sasa ni saba. Kwa ukubwa mdogo, alama inaangukia kichwani mwa herufi na kugandamana nayo, na msomaji anaona herufi yenye kofia isiyoeleweka.

Kwa muda mrefu tatizo la kwanza lilikuwa kubwa zaidi ya hilo: herufi hizo hazikuwemo katika fonti nyingi, na mahali pake kilitokea kijisanduku kitupu. DejaVu, fonti huria iliyokuzwa na watu wa kujitolea kutoka kwenye fonti ya Bitstream Vera ya mwaka 2003, iliziongeza pamoja na alama zake. Noto ya Google, ambayo jina lake linatokana na nia ya kuviondoa vijisanduku hivyo vitupu, inazo pia. Herufi zilipopatikana, ndipo watu wakaanza kuona kwamba alama zimeshikana.

Mwezi wa 9 mwaka 2025 FreeType ilitoa toleo la 2.14, na sehemu yake ya otomatiki ilipata ujuzi mpya. Herufi ikiwa ndogo mno, sasa inaweza kuisukuma alama juu, ama chini kama alama iko chini, mpaka ipatikane nafasi nyeupe kati yake na herufi. Kile kimkia cha mawimbi kinachokaa juu ya ñ kinanyooshwa kwenda juu kusudi kisigeuke kuwa kijiti kilicholala. Kazi hiyo haikufanywa kwa ajili ya Kilingala peke yake; lugha nyingi za dunia zina alama. Lakini Kilingala kimo ndani.

Simu inapata toleo jipya pale tu mfumo wake mzima unaposasishwa. Zile za mkono wa pili zinazouzwa Birere, ambazo watengenezaji wameshaacha kuzitumia masasisho, zitabaki na FreeType iliyokuwamo siku ya mwisho zilipohudumiwa. Mwalimu wa kusomesha watu wazima anayetuma somo la Kilingala kwa simu kama hizo bado ana njia mbili. Ama aandike kwa herufi kubwa zaidi na kugawa somo katika ujumbe mbili au tatu, ama aziache alama kama watu wengi wanavyofanya, na kumwachia msomaji achague mwenyewe kati ya mtu, kichwa na moto.